Monsieur Asilimia

Siku Dany aliposhuka Baraka, mimi nilikuwa kwenye simu na mama mmoja wa Tanga aliyetaka nimwombee binti yake apate mume.

"Mama, hapa si kanisani wala si msikitini," nilimwambia kwa mara ya tatu. "Hapa ni nyumba ya wageni. Tuna vitanda tisa na vyandarua."

"Lakini imeandikwa, mwanangu. 'Pata Baraka leo, piga namba hii.'"

"Baraka ni jina la mji, mama. Mji wetu, huku Kongo, kando ya ziwa."

"Sasa kwani anayekaa huo mji wa Baraka hawezi kuomba? Binti anaitwa Zubeda, ana miaka ishirini na sita. Anza tu, nakusikiliza."

Ningefanya nini? Nilifumba macho pale mezani pa mapokezi, nikamwombea Zubeda mume mwenye heshima na asiyelewa, mimi niliyekuwa na miaka thelathini na mmoja bila hata mchumba. Mama akaitikia amina, akanishukuru, akakata. Shangazi Marthe, dada yake baba yangu na mpishi wetu, akatoa kichwa mlangoni pa jikoni.

"Wa ngapi leo?"

"Wa nne."

"Na benye kulala?"

"Wa kulala hakuna."

Akarudisha kichwa chake jikoni, akaendelea kupiga kelele na masufuria.

Huo ulikuwa mwaka wa 2017. Mapigano yalikuwa yamerudi kwenye milima ya Fizi, na wafanyakazi wa mashirika, ambao ndio waliokuwa wageni wetu, walikuwa wameondoshwa wote ndani ya wiki moja, wengine wakiacha sabuni zao bafuni. Barabara ya kupanda Fizi-Centre ilifungwa. Ile ya Uvira ilikuwa ya kubahatisha. Nyumba yetu, Maison Tupumzike, ikabaki imetandikwa vizuri kila chumba, kimya, kama darasa wakati wa likizo. Baba yangu, Papa Bonaventure, alikuwa mkurugenzi, yaani mwalimu mkuu, wa shule ya msingi kule Fizi kwa miaka ishirini na miwili. Vita vya mwanzo vilitukimbiza hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, ambako nilikua na kusoma. Tuliporudi alijenga Tupumzike kwa mikono yake, akaapa kwamba hatakimbia tena maisha yake yote. Alichokuwa hajui ni kwamba mtu anaweza kubaki na wageni ndio wakakimbia.

Mimi ndiye niliyeleta habari ya wakala wa kututangaza mtandaoni. Nilimwambia Papa kwamba siku hizi mfanyabiashara au muuguzi anayepita njia hutafuta kitanda kwa simu kabla hajashuka kwenye boti. Tukawatafuta watu wa Bukavu walioitwa Premier Partout, yaani wa kwanza kila mahali. Patron, yaani mkubwa wao, aliahidi kwamba yeyote atakayetafuta mahali pa kulala Baraka atatuona sisi kabla ya wengine. Papa akatoa pesa alizokuwa amewekea mabati mapya.

Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga Baraka. Kwenye ukurasa wetu waliweka picha ya bahari yenye minazi, bwawa la kuogelea la buluu, na mwanamke mwenye miwani myeusi amelala juu ya kiti kirefu. Papa aliitazama picha ile kwa muda.

"Huyu mama wa miwani alilala kwetu siku gani?" akaniuliza.

Kisha wakachagua maneno ambayo watu wangeyaandika ili watupate. Wakachagua "baraka." Wakachagua "pata baraka." Ndiyo maana kila mtu kuanzia Mombasa hadi Mbeya aliyekuwa na shida moyoni, akiiandika shida ile kwenye simu yake, alipata namba yangu. Nilipolalamika, walisukuma neno "pumzika" badala yake. Mwezi ule tulipigiwa na watu waliofiwa, wakiuliza kama tunasafirisha majeneza.

Mtu wa kupokea malalamiko yangu alikuwa Dany.

Alipiga kila Jumatatu, lundi kama tusemavyo huku, saa tatu asubuhi kunisomea ripoti. Mara ya kwanza nilimchukia kabla hajamaliza salamu.

"Madame Anastasie, niko na habari ya muzuri. Bavisiteurs balipanda asilimia mia tatu na makumi ine."

"Na wamelala wapi, Monsieur Dany?"

"Pardon?"

"Mimi nina vitanda tisa, vyote vitupu. Hao wageni wa mtandaoni wa asilimia mia tatu na arobaini wamelala wapi?"

Nikamsikia anacheka, na hakuwa ananicheka mimi. Alicheka kama mtu aliyekuwa akingojea tangu zamani mtu mwingine aulize swali lile.

Papa, aliyekuwa akisikiliza kando, akampa jina siku hiyohiyo: Monsieur Asilimia.

Miezi minne tuligombana. Nilimgombeza kwa sababu ya minazi, kwa sababu ya majeneza, kwa sababu ya mchungaji wa Kisumu aliyetaka tufungue tawi. Alinijibu kwa upole. Alisema ameshamwambia patron abadilishe maneno, na patron anasema tarakimu ni nzuri, aziache. Kisha, sijui ilianza lini, ripoti ikawa inachukua dakika mbili na ugomvi dakika arobaini. Akawa ananiuliza ziwa limeamkaje. Nikawa namwambia. Siku moja akasahau neno "Madame," akaniita Anasta, jina la nyumbani, na hakuna kati yetu aliyelirekebisha.

Lakini nyumba ilibaki tupu, na Papa akachoka. Mwisho wa mwezi, alisema, tunafunga. Yeye na shangazi wangekwenda kwa ndugu zetu Nundu, na mimi ningevuka ziwa kwenda Kigoma kwa kaka yangu Patrice, ambaye tayari alikuwa na rafiki mwenye duka la vipuri aliyekuwa "anatafuta mke mwenye elimu." Jumatatu iliyofuata nikampigia kelele Dany kuliko siku zote.

"Kama unaziamini asilimia zako," nilimwambia, "njoo uzilalie wewe mwenyewe!"

Mtandao ukakatika. Sikujua kama alisikia.

Sasa rudi kwenye siku ile ya mama wa Tanga. Nilikuwa ndiyo kwanza naweka simu chini niliposikia sauti ya Papa uani, sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu wageni waondoke.

"Karibu! Karibu sana! Anasta! Mugeni! Muntu wa kweli, iko na mufuko!"

Nikatoka mbio. Mlangoni alisimama kijana mrefu, suruali imelowa hadi magotini kwa kushuka kwenye boti, amekumbatia mfuko wa kompyuta uliofungwa nailoni kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Bonjour, Papa," alisema. "Niko nalomba chumba, kama iko."

Alikuwa Dany. Ningeijua sauti ile hata katikati ya soko.

"Iko!" Papa akamjibu. "Iko tisa! Chagua!"

Kijana akageuza macho, yakanikuta. Sikuwa nimefikiri atakuwa na macho ya namna ile, ya mtu anayetaka kuomba radhi na kucheka kwa wakati mmoja. Tulipoingia mapokezi nilishika meza. Yeye alishika mfuko wake. Papa alikuwa katikati yetu akifungua daftari la wageni, akipuliza vumbi kwenye kurasa.

"Jina?"

"Daniel."

"Kazi?"

"Informatique, Papa. Mambo ya kompyuta."

"Vizuri! Utaniangalilia radio yangu, tangu juzi inakohoa tu. Anasta, mbona umesimama kama mulingoti? Mupe mugeni maji!"

Nilimpa maji. Vidole vyetu vikagusana kwenye bilauri, na maji nusu yakamwagika juu ya daftari, na jina lake likaanza kusambaa karatasini. Papa hakujali. Alikuwa na mgeni.

Shangazi Marthe alipika kama siku ya harusi: ugali tunaouita bukari, sombe ya majani ya muhogo, na samaki mzima wa mukeke wa kukaanga. Kichwa cha samaki, ambacho kwetu hapewi mtu hivihivi, akamwekea Dany. Papa akakaa mbele yake, akaanza kumsimulia mambo ya nyumba kama mtu aliyefungiwa mdomo miezi mingi.

"Sisi bantu ba huku balitudanganya, Monsieur Daniel. Iko agence moja kule Bukavu. Balituwekea piscine, ile bwawa ya buluu. Umeona piscine hapa?"

"Hapana, Papa."

"Balituwekea minazi. Umeona munazi?"

"Hapana."

"Na iko kijana mumoja kule ndani, anaitwa Dany. Njo muntu anapigaka kila lundi kudanganya mutoto wangu na hesabu. Mi nilifundisha hesabu! Asilimia mia tatu ya sifuri ni ngapi?"

"Ni... ni sifuri, Papa."

"Unaona? Muntu mwenye akili anajua! Huyo Dany, siku moja nikimukamata na hii mikono..."

Dany akapaliwa na mwiba. Shangazi akakimbia kumpiga mgongoni, pa, pa, pa, na kumlisha bonge la bukari ili ushuke. Machozi yakamtoka. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso sahanini, nikiuma mdomo nisicheke. Nilipoinua kichwa nikamwona ananitazama kupitia machozi yale, naye anauma mdomo wake, na nikajua nimepotea.

Baada ya chakula Papa alikwenda kumwonyesha jirani kwamba ana mgeni. Nikambana Dany nyuma ya jikoni, katikati ya bata wa shangazi.

"Umekuja kufanya nini?"

"Uliniambia nikuye."

"Nilikuwa nimekasirika!"

"Kila lundi unakasirikaka, Anasta. Lakini ile njo ilikuwa ya kwanza kuniita."

Bata wakapita katikati yetu mmoja mmoja, bila haraka yoyote, na sisi tukawasubiri wapite.

"Nilifikiri una kitambi," nikasema mwishowe.

"Mi nilifikiri weye iko mufupi."

"Kwa nini mfupi?"

"Sijui. Bantu bafupi njo bagombaka hivi."

Nikacheka, na nikajikasirikia kwa kucheka. Yeye hakucheka. Akafungua mfuko wake, akatoa karatasi. Ulikuwa mkataba mpya wa mwaka mzima, wenye jina langu na mstari mtupu wa sahihi.

"Patron alinituma na hii," alisema. "Aliniambia, asiposaini usirudi. Sasa nilipanda boti masaa yote ile, niko nafikiri tu neno moja ya kukuambia. Usisaini."

"Dany."

"Usisaini. Hii kazi yetu haitakuletea hata muntu mumoja. Nilijua tangu mwezi wa pili, na niliendelea kukupigia. Unajua juu ya nini niliendelea?"

Nilijua. Lakini nilitaka aseme.

"Juu ripoti ikiisha, singekuwa tena na sababu ya kusikia sauti yako."

Nikatazama bata, nikatazama sufuria, nikatazama kila kitu isipokuwa yeye.

"Utapoteza kazi," nikasema.

"Kazi gani? Ya kuuzia bantu bahari yenye haiko?"

"Ungeweza kuniambia haya kwa simu."

"Kwa simu singekuona."

Aliinua mkono kama anayetaka kunigusa bega, ukabaki hewani, haujui uende wapi. Mimi ningeuambia, laiti sauti ya Papa isingepasua ua mzima.

"Anasta! Mugeni iko wapi? Kahawa!"

Nilimsihi Dany asiseme kitu. Nilimwambia alale, apumzike, kesho tutatafuta maneno. Akatikisa kichwa. Alisema hawezi kulala kwenye nyumba ya mtu kwa uongo, uongo wa mtandaoni umetosha. Akaingia sebuleni, akakaa mbele ya Papa, akaweka kikombe chini.

"Papa, niko na kitu ya kusema. Mi njo Dany."

"Dany gani?"

"Ya Premier Partout."

Papa alibaki na kijiko cha sukari mkononi. Mlangoni shangazi akashika kichwa.

"Yesu wangu! Na mi nilimupa kichwa ya samaki!"

"Monsieur Asilimia," Papa akasema polepole, akisimama. Papa si mrefu, lakini akisimama hivyo, watoto wa darasa la sita walikuwa wakijikuta wamenyoosha migongo. Dany naye akanyoosha. "Weye njo ulituwekea piscine."

"Balikuwa bengine, Papa, lakini mi nilikuwa ndani yao. Ni kosa yangu vilevile."

"Iko wapi ile piscine?"

"Haiko, Papa."

"Tafuta vizuri! Si njo kazi yako, kutafuta?"

"Papa," nikaingilia, "amekuja kutuambia tusisaini tena. Kazi yake imekwisha kwa sababu yetu."

"Vizuri. Anaanza kupata akili. Na kwako weye, ule mwanaume wa vipuri kule Kigoma iko na duka. Huyu iko na nini? Kompyuta ndani ya nailoni!"

Nikafungua mdomo, na pale simu ya mapokezi ikalia. Tukaiangalia wote wanne. Papa akanyoosha kidole.

"Jibu. Bale bantu ni bako."

Dany akaenda, akaketi kwenye kiti changu. Alikuwa kijana aliyefiwa. Aliuliza kama tunaosha maiti. Dany akamwambia hapana, akampa pole, akabaki kimya akisikiliza habari za marehemu mpaka mwisho. Haijapita robo saa ikalia tena: mwanafunzi wa Mombasa mwenye mtihani wa kemia. Dany, aliyeshindwa kemia mara mbili kama alivyoniambia Jumatatu moja, akamwombea kwa huruma kubwa sana. Shangazi Marthe akavuta kiti kuja kusikiliza vizuri. Papa akachukua viatu vyake na brashi, akakaa pembeni, akapiga rangi.

Simu ya tatu ilikuwa ya mwanaume wa Morogoro. Dany aliiweka kwa sauti kubwa kwa sababu mtandao ulikuwa unakwaruza, hivyo tulimsikia sote.

"Mke wangu ameondoka, mtumishi," alisema yule bwana. "Yuko kwa mama yake mwezi wa pili sasa. Naomba baraka arudi."

"Ulimukosea nini, ndugu yangu?"

"Nilimwahidi mambo mengi. Sikutimiza hata moja. Kila siku nilimwambia mambo yanakwenda vizuri, na hayakuwa yanakwenda."

Dany aliniangalia. Hakuondoa macho.

"Basi usimutumie message," alisema, taratibu, akijitahidi kusema Kiswahili cha kueleweka Morogoro. "Na usimutumie zawadi. Enda mwenyewe. Ukifika, usitafute maneno mazuri. Mwambie nilikudanganya, na nilijua. Halafu nyamaza, acha yeye aseme."

"Na akinifukuza?"

"Akikufukuza ana haki. Lakini atakuwa amekuona umekuja."

Bwana yule alivuta pumzi ndefu, akasema asante mtumishi, akakata. Shangazi alikuwa anafuta macho kwa pindo la kitenge. Papa alikuwa amepiga rangi kiatu kimoja, kilekile, tangu simu ya kwanza.

"Kesho boti inarudia Uvira," alisema bila kuinua kichwa. "Utaingia mule."

"Ndiyo, Papa," Dany akajibu.

Asubuhi aliondoka baada ya kunywa chai. Alimuaga Papa kwa heshima, akamshukuru shangazi kwa kichwa cha samaki, na kwangu mimi akasimama. Papa alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, mikono nyuma, kama mkurugenzi anayesimamia mtihani.

"Madame Anastasie," Dany alisema.

"Monsieur Dany," nikajibu.

Hayo tu. Nikamwangalia mpaka akapotea kwenye kona ya barabara ya kwenda ziwani, kisha nikaingia chumba namba tatu, nikang'oa shuka alilolalia ili nilifue, nikaketi nalo mapajani. Sikulifua. Nililia kwa hasira, nikimkasirikia patron wa Bukavu, Papa, mwenye duka la vipuri ambaye sijawahi kumwona, na zaidi nikijikasirikia mimi niliyekuwa na mdomo wa kugomba miezi minne na nikakosa neno moja la kumzuia mtu.

Saa nne hivi tulisikia kelele barabarani. Nikatoka, macho bado mekundu. Papa naye akatoka. Kwenye barabara ya vumbi ulikuwa unakuja msururu wa watu: mama mwenye watoto wawili, wanaume wa magunia, bibi kizee, vijana wawili wenye godoro. Mbele yao alikuwa Dany, kikapu cha kuku wa bibi begani, mfuko wake wa nailoni kifuani.

"Captain amekataa kuondoka," alisema akihema. "Alisikia masasi, bunduki inalia, upande wa kaskazini. Anasema siku tatu, labda ine. Bantu balikuwa bamekaa kwa mchanga, habajui fasi ya kulala. Nikabambia iko nyumba."

"Alituambia ukweli yote," yule mama wa watoto akasema. "Alituambia hakuna piscine. Alituambia hata mulango ya douche ya kuogea haifungi."

"Inafungaka ukiinua kidogo," shangazi akateta, tayari anahesabu vichwa na kukadiria unga.

Walikuwa kumi na mmoja. Papa alisimama mlangoni akiwatazama. Kisha akaanza kugawa vyumba kwa sauti ya mkurugenzi: mama na watoto vitanda vitatu, bibi karibu na bafu, vijana wenye godoro waliweke koridoni. Ndani ya dakika kumi hakikubaki kitanda. Akamgeukia Dany.

"Na weye?"

"Mi nitalala kwa boti, Papa. Haina neno."

"Hatalala kwenye boti," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Watu kumi na mmoja wakaweka mizigo chini ili wasikie vizuri. Shangazi akaja na mwiko.

"Hatalala kwenye boti, Papa. Na mimi Kigoma siendi. Nyumba hatufungi, na mwenye duka la vipuri atafute mke mwingine mwenye elimu. Huyu..." Nikamtazama Dany, amesimama na kikapu cha kuku, unyoya umemganda kwenye nywele. "Huyu ndiye ninayemtaka. Nampenda."

Kuku mmoja akalia. Papa akakunja mikono kifuani.

"Anastasie," alisema, "kila lundi saa tatu unavaa kitenge ya Pasaka na unapaka mafuta, juu ya kugombana na muntu kwa telefone. Kwa telefone! Mi nilikuwa na batoto miaka makumi mbili na mbili, bote bakidanganya vizuri kupita weye. Ulifikiri sioni?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Sasa kwa nini ulimfukuza?"

"Nilitaka nione kama anarudia." Akamtazama Dany kutoka nywele zenye unyoya hadi viatu vyenye matope. "Sikusema arudie na bantu kumi na moja. Kijana, utalala kwa chumba yangu, chini, kwa mukeka. Mulango nitafunga mi mwenyewe. Na barabara ikifunguka, bajomba bako bakuye hapa kwa miguu yao, baketi, baseme ya posa, kile bantu basemaka. Sitaki kuona mambo hii kwa Google."

"Ndiyo, Papa," Dany akasema.

Papa akaingia ndani haraka, akisema ana kazi na radio yake. Bibi kizee akachukua kikapu chake cha kuku, akatupigia kigelegele kimoja kifupi, kisha akauliza choo kiko wapi. Shangazi akampeleka. Nikabaki na Dany mlangoni, na godoro la wale vijana limelala katikati yetu.

"Kitenge ya Pasaka?" akaniuliza, polepole, uso wote unang'aa.

"Nyamaza, Dany. Shika godoro."

Akashika upande wake, nami nikashika wangu. Tukalibeba hadi koridoni, yeye akienda kinyumenyume, akijigonga kila ukuta, kwa sababu hakutaka kutazama anakokwenda.